Fremu Yenye Bega

Shemeji yangu ana maradhi ambayo hakuna daktari aliyewahi kuyaandika kwenye cheti: hawezi kuona kitu kimekaa upande bila kukinyoosha. Ukiweka mkate mezani, atauzungusha mpaka ulale sambamba na ukingo wa meza. Akiingia nyumbani kwa mtu, salamu hazijaisha, kidole chake kimeshafika kwenye picha ya ukutani. Msibani vilevile. Nimemwona kwa macho yangu akimpa mfiwa mkono wa kulia wa pole huku wa kushoto unanyoosha kalenda. Ndiyo maana mtaa mzima unamwita Kona, na dada yangu, ambaye ndiye mkewe, naye anamwita hivyo hivyo.

Kazi yake ni kutengeneza fremu za picha. Karakana yake ni chumba kimoja kirefu chenye mlango wa mabati, kinachotazamana na mlango wa sebule yao, na mimi cherehani yangu ipo hapo kibarazani, upande wa kushoto wa mlango. Vumbi lake la mbao linaingia kwenye magauni yangu, na nyuzi zangu zinaingia kwenye gundi yake. Kuna mhitimu mmoja hapa mjini ambaye picha yake ya joho ina uzi mwekundu umeganda kwenye kona ya chini. Uzi ni wangu. Tunagombana kuhusu mambo hayo kuanzia asubuhi tunapofungua mpaka jioni tunapofunga, na mtu mgeni akitusikia anadhani kesho tunapelekana mahakamani. Lakini sisi ni mashemeji, na shemeji ni mtu wa kutaniwa. Hiyo ni haki yangu na nimeitumia kwa miaka thelathini na minne bila kwenda likizo.

Ugomvi wetu mkubwa ni wa kazi. Mimi mteja akija namzungushia futi kamba, naandika kifua, kiuno na nyonga, ndipo nakata kitambaa. Mwili kwanza, nguo baadaye. Kona ni kinyume. Anaanza na fremu. Mbao anazitoa kwa fundi milango wa mtaa wa pili, vile vipande vinavyobaki, na urefu wa vipande ndio unaoamua ukubwa wa fremu. Akimaliza anazipanga ukutani, kisha anasubiri picha zije zijitoshee zenyewe.

Mtu akileta picha isiyotoshea, Kona anaiweka mezani, anaitazama jicho moja limefumbwa, anauliza, "Huyu wa pembeni ni nani?"

"Mjomba."

"Wa damu?"

"Wa damu, fundi."

"Mlikuwa mnaelewana?"

Mteja akisita kidogo tu, mjomba kwisha habari yake. Mji huu una wajomba wengi wasio na bega la kushoto, na ukiona ukutani shangazi aliyebaki sikio na hereni, jua fremu imetoka kwa shemeji yangu. Ukimlaumu anakwambia kwamba picha bila fremu ni karatasi tu, na karatasi haina sababu ya kukaa ukutani. Anayasema hayo kwa upole kabisa, huku anafuta gundi kidoleni.

Nyuma ya karakana kuna chumba kidogo chenye dirisha moja, na humo anafanyia kazi mchoraji tunayemwita Brashi. Ni mtu wa makamo, mpole, anayeomba radhi hata akijikwaa kwenye kiti. Makubaliano yao na Kona ni mepesi: Kona anampa fremu tupu, Brashi anaijaza. Hachagui. Mwaka ambao fundi milango alitoa vipande virefu vyembamba, Kona alitengeneza fremu ndefu za kulala, na Brashi akachora vitu vya mstari: bata wanavuka barabara, watu wamepanga foleni bombani, nguo zimeanikwa, treni yenye mabehewa kumi na manne. Fundi milango alipogeukia madirisha, vipande vikawa vifupi, fremu zikawa za mraba za kujaa kiganjani. Brashi akachora jicho moja, kifungo kimoja, kuku mmoja aliyekunja shingo kwa sababu hapakuwa na pa kuinyooshea.

Kisha Kona akapungukiwa nafasi ukutani, akasimamisha zile fremu ndefu. Basi Brashi naye akasimamisha dunia. Zikatoka nguzo za umeme, ngazi, mtu juu ya ngazi anabadilisha balbu. Akaja mama mmoja kujichoresha, mfupi na mnene wa haja. Alitoka mle ndani amekuwa mrefu kama mlingoti, akafurahi, wiki ya pili akaleta na wadogo zake.

Gazeti moja likatuma mwandishi. Kijana wa watu akasimama mbele ya picha za kusimama, akakunja uso, akaandika kwamba mchoraji huyu alikuwa amepita kwenye kipindi kirefu cha upweke, na kwamba wembamba wa picha ni nafsi iliyobanwa inayotafuta njia ya kupandia juu. Nilimsomea Brashi habari hiyo mwanzo hadi mwisho. Akaniuliza kwa wasiwasi, "Dada, mimi nilikuwa mpweke?"

"Hapana," Kona akamjibu kutoka kwenye meza yake. "Ukuta ndio ulikuwa umejaa."

Sasa nije kwenye fremu moja ambayo haikutokana na vipande vya mtu yeyote. Tunaiita Yai.

Kona alipokuwa kijana anamposa dada yangu, alikuwa bado anajifunza kazi kwa seremala mmoja mkali. Akataka kuonyesha kwamba yeye si wa kukata kona nne na kugongomea misumari. Akatengeneza fremu ya umbo la yai, ya mti mgumu mweusi, vipande vinane vilivyoungwa kwa gundi na kupigwa tupa na msasa kwa miezi mitatu, mpaka ukipitisha kidole huoni pa kusimama. Mtu anayeitwa Kona, kazi yake nzuri kuliko zote haina kona hata moja. Utani huo nimeutumia mpaka umechakaa.

Yai lilikuwa la picha ya harusi. Picha yenyewe ilipigwa studio, na ilikuwa ya mstatili kama picha zote za watu wenye akili timamu. Katikati maharusi wamekaa. Upande wa kushoto amesimama mjomba wake Kona. Upande wa kulia, nyuma ya Dada, amesimama mama yetu, mkono wake umetua kwenye bega la mwanawe. Kona akaweka Yai juu ya picha, akachora mstari kwa penseli kufuata ndani ya fremu, na picha ikakatwa. Mjomba akaenda na upande wake, mama akaenda na upande wake, haki sawa. Mabaki yakafagiwa pamoja na vumbi la mbao. Kilichosalia cha mama ni mkono, kuanzia kwenye kifundo, wenye bangili moja.

Tena Kona, kwa ujana wake, hakutaka picha ile itoke milele. Akaigandisha kwenye ubao wa nyuma kwa gundi ya seremala, na ubao akaugandisha kwenye fremu. Kioo hakuweka, maana kukata kioo cha umbo la yai kulimshinda kila fundi wa mjini. Alipaka tu vanishi juu.

Mama mwenyewe alipoiona alicheka mpaka akakaa chini. Alisema sura yake watu wanaijua, hakuna haja ya kuibandika. Miaka miwili baadaye aliugua siku tisa akafariki. Kitambulisho chake kilirudishwa ofisini kama ilivyotakiwa. Mpiga picha wa studio alikuwa ameshahama na mikanda yake yote, hatukupata kujua alikokwenda. Hapo ndipo tulipogundua kwamba picha pekee ya mama yetu duniani ni mkono.

Dada si msemaji; maneno yote ya familia nadhani nilizaliwa nayo mimi. Kwa hiyo nikasema mimi. Mgeni akiingia sebuleni kwao nilimshika mkono nikampeleka mbele ya Yai: "Karibu. Huyu bibi harusi, huyu bwana harusi, na huyu hapa mama yetu mzazi. Shemeji hakumpenda sana mama mkwe." Watu walicheka, na Kona aliinamisha kichwa akasema, "Kweli, shemeji. Kosa langu." Basi. Miaka nenda rudi, jibu lake ni hilo hilo.

Mambo yangeendelea hivyo mpaka tuzikane, kama si mjukuu wao. Ana miaka saba na tunamwita Maswali. Mwalimu wao aliwaambia wachore familia zao. Maswali akamchora babu ameshika rula, bibi amevaa miwani, mimi nimefungua mdomo, na pembeni kabisa akachora mkono. Mkono mtupu, wenye bangili, umesimama chini kwa vidole viwili kama miguu. Chini yake akaandika: Mama wa bibi. Mwalimu alikuwa ameuzungushia duara jekundu na kuandika, "Mwili uko wapi?"

Aliuleta mchoro wake mchana, tukiwa mezani sote. "Bibi," akamwambia Dada, "mwalimu anauliza mwili uko wapi."

Nilicheka mimi kwanza, kwa sauti, na Kona akafuata. Tulichelewa kuona kwamba Dada hacheki. Alikuwa ameshika ile karatasi kwa mikono miwili. Aliiweka chini taratibu, akapanda kwenye kiti, akaling'oa Yai msumarini, akatoka nalo mpaka karakana. Tukamfuata. Aliliweka juu ya meza ya kazi, katikati ya misumeno na makopo ya gundi.

"Nimekaa na mkono miaka thelathini na minne," akasema. "Huyu mtoto anadhani bibi yangu mimi na yeye tulizaliwa na kiganja. Namtaka mama yangu, Kona. Sijui utamtoa wapi, ila mpaka hapo ule msumari utakaa mtupu."

Akaondoka. Kwa Dada, hiyo ilikuwa hotuba ya mwaka mzima, na hata maneno yake yalikuwa yamechanganyika. Sikuthubutu kumcheka.

Kuanzia siku hiyo Kona akakosa raha. Akipita sebuleni anautazama ule msumari. Nilimkuta siku moja ameupandia kiti, anaunyoosha. Kazini alikata mbao mbili fupi kuliko kipimo, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu nimfahamu. Na Dada alimpa chakula, akamjibu salamu, akamfulia shati, lakini ile hali ya kukaa naye kibarazani jioni, kila mtu na kikombe chake, hakuna neno, ile ikakatika. Kona alikaa peke yake na kikombe chake. Alikuwa anatia huruma, ingawa wakati huo nisingekubali kulisema.

Mwisho akaenda chumba cha nyuma kwa Brashi. Nilisimamisha cherehani ili nisikie vizuri.

"Unataka fremu ya kipimo gani?" akamuuliza.

Kikopo kilianguka humo ndani. "Mzee, unaumwa?"

"Chora kwanza. Mchore mama mkwe wangu, vyovyote utakavyo. Fremu nitaitengeneza ukimaliza."

Nilikuwa nimesubiri maneno hayo tangu nianze kushona pale, na yalipokuja hayakuwa na utamu hata kidogo.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa sura. Brashi hakuwahi kumwona mama. Dada akatafakari, akanitazama mimi kwa muda. Nina miaka hamsini na mmoja, umri ule ule aliokuwa nao mama siku ya harusi. "Mdogo wangu ni mama mtupu," akasema, "ukiondoa mdomo." Wakanifunga kitambaa kichwani kama alivyokuwa akifunga mama, wakanikalisha kwenye stuli chini ya dirisha, na Dada akawa anakuja kukagua. Pua akaipitisha. Paji la uso akalipitisha. Kwenye macho akagoma.

"Mama hakuwa na macho ya kumcheka mtu," alisema.

"Sasa nifanye nini, niyang'oe?"

"Unaona, Brashi? Hayo hayo. Hayo siyo."

Kikwazo cha pili hatukukitarajia. Kona alimpa Brashi ubao mkubwa wa plaiwudi, mpana kama mlango, usio na fremu wala mstari. Siku ya kwanza Brashi akamchora mama, sura na mabega. Akatazama chini, akaona bado kuna nafasi, akamchora miguu. Kisha kiti. Kisha sakafu ya studio. Siku ya tatu mjomba wa Kona akarudi kwenye picha baada ya kukosekana kwa miaka thelathini na minne, na nyuma yake wakaja majirani. Siku ya nne alimchora mpiga picha mwenyewe na mguu wa kamera yake. Siku ya tano kukawa na uwanja, bomba, kamba ya nguo na mbwa ambaye hakuna mtu wa ukoo wetu aliyewahi kumfuga. Mama alikuwa amefutwa na kuchorwa upya mara tatu ili apishe watu, na sasa alikuwa na ukubwa wa kidole gumba.

"Sijui pa kuishia," Brashi alisema, karibu kulia. "Kila nikitaka kusimama najiuliza, na pembeni yake kuna nini? Fremu ilikuwa inaniambia basi. Sasa hakuna anayeniambia basi."

Kona hakucheka, na mimi nilichukia kuona kwamba kwa siku hiyo alikuwa na haki.

Dada akaja na miwani yake. Aliitazama picha kwa heshima yote, kuanzia kwa mbwa mpaka kwa mpiga picha. "Ni picha nzuri, Brashi," akasema. "Mama yupo wapi?"

Brashi akamwonyesha kwa ncha ya brashi. Dada aliinama, akatazama, akainuka, akatoka. Nilimwona dirishani akivua miwani kuifuta. Alisimama pale uani akiifuta kwa muda mrefu kuliko miwani inavyohitaji.

Siku mbili Kona hakufanya kazi ya mtu. Alikaa amepakata Yai, analigeuza. Alijaribu kuichomoa picha kwa kisu chembamba, akaona bega la bibi harusi linaanza kuchanika, akaacha. Gundi ya ujana wake ilikuwa imeshika kweli kweli. Siku ya tatu aliingia na kitu kipya mkononi: fremu ndefu ya kusimama, ya mti ule ule mgumu mweusi, lakini ina pande tatu tu. Ya juu, ya chini, na ya kulia. Kushoto kulikuwa wazi.

"Mzee, hii umesahau upande," Brashi alimwambia.

"Sikusahau. Hapo ndipo mkono utakapopita."

Akatueleza. Atalipasua Yai upande wa kulia, pale penye kifundo cha mama, aondoe kile kipande cha fremu. Kisha ataunganisha Yai na hii fremu mpya, ubao kwa ubao, mkono wa kwenye picha ukutane na mkono utakaochorwa. Brashi atamchora mama humo, katika nafasi hiyo nyembamba, asiongeze mtu wala mbwa. Brashi alishusha pumzi kama mtu aliyeondolewa gunia mgongoni, akaanza kuchanganya rangi palepale.

Nikakaa kwenye stuli, kitambaa kichwani. Maswali alikuwa chini karibu na mlango, anatenganisha misumari midogo na mikubwa. Kona akalibana Yai kwenye jiriwa, akaweka vitambaa ili lisikwaruzike, kana kwamba kitu kinachokwenda kukatwa kinajali mikwaruzo. Miezi mitatu ya ujana wake ilikuwa pale. Kila aliyewahi kujifunza kazi kwake ameonyeshwa lile Yai na kuambiwa atafute kiungo, na hakuna aliyekipata. Nilitaka kumwambia aache. Badala yake ulimi wangu ukafanya uliyoyazoea.

"Haya, mkataji," nikasema. "Leo tena umemrudia mama yetu?"

Hakuinua kichwa. Alikuwa anapima mstari wa penseli kwa jicho moja. "Safari hii, shemeji," akasema, "nitakata mwenyewe."

Alilisema polepole, kama mtu anayeomba apewe msumari. Naapa hakukusudia kunichoma. Lilimtoka tu, kwa sababu mawazo yake yote yalikuwa kwenye msumeno. Lakini Dada alikuwa amefika mlangoni na sinia la chai, na Maswali ana masikio.

"Babu," akauliza, "kwani safari ile alikata nani?"

"Mimi," Kona akajibu haraka. "Nilikata mimi. Nani mwingine?"

Sasa nimefika pahali ambapo ningependa kuzungumzia mambo ya gundi na msasa, lakini nimekula kiapo nafsini mwangu kwamba nikiandika habari hii nitaiandika yote.

Nilikuwa na miaka kumi na saba. Wiki ile nilikuwa nimenunuliwa mkasi wangu wa kwanza wa ushonaji, mzito, unaolia vizuri, na nilikuwa nakata kila kitu kilichokaa vibaya ndani ya nyumba. Kona alichora ule mstari, akaweka penseli chini. Akasema, "Tusubiri kwanza, nimuulize dada yako." Akatoka nje kutafuta gundi. Nami nikachukua mkasi nikakata. Hapakuwa na sababu nyingine zaidi ya kwamba mstari ulikuwepo na mkasi ulikuwepo. Nilikata vizuri, kwa mkupuo mmoja, bila kusita, na nilijisifu moyoni. Kona aliporudi aliitazama picha, akanitazama mimi. Tukasikia nyayo za Dada. Alipoingia, Kona alimwambia, "Nimeikata itoshee."

Mama alipofariki niliishi kwa woga nikisubiri aseme. Hakusema. Nikaanza kumtania ili watu wasije wakatazama upande wangu. Baada ya miaka kadhaa nikazoea, na baada ya miaka mingine, Mungu anisamehe, nilikuwa kama nimeamini. Kila mgeni niliyempeleka mbele ya Yai, yeye aliinamisha kichwa na kusema kosa langu, na hata siku moja hakunitupia jicho.

"Siyo yeye," nikasema, pale pale kwenye stuli. "Nilikata mimi."

Kona akauweka msumeno chini. Brashi akasimama. Nilitaka kuongeza kitu cha kuchekesha na kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikukipata. Nilimweleza Dada yote, mkasi, penseli, nyayo zake mlangoni, na sauti yangu ilikuwa nyembamba kama ya mtu mwingine. Nikamwambia naona aibu. Nikamwambia nami namkosa mama, na kwamba kila nilipocheka mbele ya ule mkono nilikuwa namkosa.

Dada aliweka sinia juu ya magunia ya vumbi la mbao. Alinijia. Nilidhani atanizaba kofi na nilikuwa tayari kulipokea. Akanishika kidevu, akaugeuza uso wangu kuelekea dirishani, akanitazama machoni kwa muda mrefu sana. Machozi yalikuwa yananitoka na sikuyafuta.

"Brashi," akasema, bila kuniachia.

"Naam, mama."

"Hayo. Hayo ndiyo macho. Chora upesi kabla hajarudia utani."

Brashi akachora. Nyuma yangu nikasikia Kona anaanza kupasua, taratibu, bila kukatisha, mpaka kipande kikaanguka mezani. Dada hakuniachia kidevu mpaka chai ikapoa.

Picha sasa ipo sebuleni kwao. Upande wa kushoto ni maharusi ndani ya yai lililofunguka, rangi za picha zimefifia. Upande wa kulia amesimama mama, wa rangi mbichi, ananitazama kwa macho yangu. Pale fremu fupi inapokutana na ndefu pametokea kitu kama bega. Kona anasema katika maisha yake hajatengeneza fremu mbaya kama ile. Tena ni nzito upande mmoja, kwa hiyo haikai sawa msumarini; imeegemea upande wa mama. Yeye anayenyoosha kalenda za wafiwa hupita chini yake kila siku, na hajaigusa.

Maswali alimpelekea mwalimu mchoro mpya wenye mwili. Jioni vikombe viwili vimerudi kibarazani. Na mgeni akija, siku hizi anayempeleka mbele ya picha ni Dada, mtu ambaye nilidhani maneno yote nilimmalizia mimi.

"Huyu mama yetu mzazi," humwambia. "Na aliyemkata ni yule pale kwenye cherehani."

"Mstari niliuchora mimi," Kona husema.

Nami nainamia kitambaa changu na kuendelea kushona.